Sahani Iliyokata Mbegu

Asubuhi ya Sumbawanga ina baridi. Watu wa mtaa wa Majengo hutoka na masweta, wengine na mablanketi mabegani, na wengi huishia barazani kwa Rozina. Pale kuna chai ya tangawizi. Kuna maandazi. Na kuna habari. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kahamishwa kazi, nani kagombana na mkwewe, kaa pale mpaka chai yako ipoe. Utaondoka unajua zaidi ya mwenyekiti wa mtaa.

Nyuma ya baraza iko karakana ya mumewe, Beda. Beda ni fundi wa zana za kilimo. Anatengeneza plau, matrekta madogo ya mkono yaitwayo pawatila, na mashine za kupandia mahindi. Karakana yake haina mlango wa mbao. Ina pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja. Beda akianza kazi ya maana, pazia linashuka. Hata mkewe hapiti.

"Baba Brightness, umemficha nani humo?" wanawake wa barazani humtania. Brightness ni binti yao. "Mke wa pili?"

"Huyu wa pili ana heri," Beda hujibu kutoka ndani. "Hana mdomo kama ninyi."

Wao hucheka. Pazia halifunguki.

Tabia hiyo ni ya ukoo. Wazee wake Beda walikuwa Wafipa walioyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo huko porini. Wakati wa kazi walizungusha uzio. Mgeni hakusogea. Ujuzi ulibaki kwa baba na wanawe. Beda hajawahi kuyeyusha chuma hata mara moja. Lakini ule uzio aliurithi.

Na sasa nyuma ya pazia kulikuwa na kitu kipya kweli. Kilikuwa printa ya 3D.

Printa hii haichapi karatasi. Inajenga vitu. Unachora kitu kwenye kompyuta, na vipimo vyake vyote. Printa inachukua uzi wa plastiki, inauyeyusha, inaupanga tabaka moja jembamba juu ya jingine. Ukisubiri saa kadhaa, unapata kifaa kamili: gia, kitasa, kifuniko. Kwa fundi wa mkoani ni jambo kubwa. Kipuri kisichopatikana dukani anaweza kukitengeneza mwenyewe.

Beda hakuinunua. Alikwenda mafunzo Mbeya pamoja na mafundi wengine wadogo. Walikuwapo wa Mbeya wenyewe. Alikuwapo Yonas, fundi wa Mwimbi, wilaya ya Kalambo. Alikuwapo Obedi kutoka Mbala, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mwalimu wao alikuwa Atupele, mama mmoja mfupi, mcheshi, asiyechoka kurudia.

"Hakuna hata mmoja wenu atakayejua yote," Atupele aliwaambia. "Mmoja atakuwa na printa. Mwingine anajua kuchora. Mwingine yuko karibu na mashamba, atajaribu. Mkitumiana michoro na matokeo, mtakuwa karakana moja kubwa. Mkifichana, mtakuwa vibanda tu."

Printa ya mkoa wa Rukwa, iliyotolewa na mafunzo hayo, iliwekwa kwa Beda kwa sababu umeme wake ulikuwa wa uhakika. Masharti yalikuwa kwamba mafundi wenzake waje kuitumia. Walianzisha na kundi la WhatsApp. Kila kifaa kipya kilitakiwa kuwekwa humo, kizuri na kibaya, wenzako wakiangalie kabla hujampa mkulima.

Beda alirudi nyumbani, akafunga printa, akashusha pazia. Kwenye kundi alisoma kila kitu. Hakuandika neno.

"Kuna mtu huko Sumbawanga?" Obedi aliwahi kuuliza kwa ujumbe wa sauti kutoka Mbala. "Au printa imemla?"

Tiki za bluu zikatokea. Jibu halikutokea.

Mwezi wa kumi, Kalista alikuja kutoka kijiji cha Mollo. Kalista ni mjane, mtu mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amefunga kitu kwenye kitenge.

"Shikamoo mama," Beda alimwamkia.

"Marahaba fundi. Nimekuletea mgonjwa."

Alifungua kitenge. Ilikuwa sahani ya mbegu ya mashine yake ya kupandia, ile inayovutwa na ng'ombe. Sahani hiyo ni ya plastiki, ya duara, ina matundu pembeni. Inakaa chini ya kisanduku cha mbegu. Mashine ikitembea, sahani inazunguka. Kila tundu linabeba punje moja. Juu yake kuna kibati kinachopangusa punje za ziada. Kisha punje inaanguka ardhini.

"Inanikatia mbegu," Kalista alisema. "Msimu uliopita niliona. Si nyingi, lakini inakata. Na mbegu siku hizi si ya kuchezea."

Beda aliigeuza sahani. Pembeni ilikuwa na ufa.

"Ni huu ufa," alisema. "Nitakutengenezea nyingine. Itafanana na hii kama mapacha, ila haina ufa."

"Dukani nimetafuta mpaka Mpui. Hakuna. Mashine yenyewe ya zamani."

"Usitafute tena, mama. Umefika."

Pazia likashuka. Beda alichukua vernia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Alipima upana wa sahani. Alipima kila tundu. Alipima unene. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho kali. Ufa tu ndio aliouacha. Mengine yote aliyanakili jinsi yalivyokuwa. Sahani mpya ilipotoka kwenye printa, aliiweka juu ya ile ya zamani. Hakuona hata unywele wa tofauti. Alitabasamu peke yake.

Habari ilisambaa kupitia barazani, kama kawaida. "Beda anachapa vipuri!" Wakulima wenye mashine kama ya Kalista walikuja, wa Mollo na wa Mpui. Yonas naye alikuja kutoka Mwimbi, akabeba sahani za kutosha kijiji kizima.

"Mchoro utauweka kwenye kundi?" Yonas aliuliza. "Mwalimu Atupele auone?"

"Wewe chukua sahani, mshikaji. Mchoro ni wangu."

"Umezijaribu lakini?"

"Pima mwenyewe. Ukikuta tofauti, niite mjinga."

Yonas alipima. Hakukuta tofauti. Akaondoka.

Mvua zilianza. Mollo walipanda. Mwimbi mvua ilichelewa, wakasubiri.

Baada ya siku kadhaa, mashamba ya watu waliopanda kwa jembe la mkono yalikuwa na mistari ya kijani. Kwa Kalista kulikuwa na udongo. Mche mmoja hapa, mwingine kule mbali, kama meno ya mzee. Alifukua. Alikuta vipande vimelowa, vimeoza, vinanuka. Hakuna aliyeweza kusema vilikuwa nini kabla ya kuoza.

Alikuja barazani kwa Rozina na udongo umefungwa kwenye kona ya kitenge. Hakuamkia mtu. Aliumwaga juu ya meza ya maandazi.

"Haya ndiyo mahindi yangu," alisema. "Tazameni."

Wanawake walisogea.

"Umenunua wapi mbegu?" mmoja aliuliza.

"Kwa Andwele."

Wakatazamana. Andwele alikuwa na duka la pembejeo jirani na soko. Alikuja kutoka Mbeya na mkewe, akapanga, akajenga, watoto wake wakazaliwa hapa. Lakini siku ile barazani alirudi kuwa mgeni.

"Mbegu feki hizo!"

"Hawa watu wa Mbeya wamekuja kutajirika kwa jasho letu."

"Hata mwenzangu mmoja wa Mpui analia hivyo hivyo. Naye alinunua kwa Andwele."

Rozina alikuwa anamimina chai. Naye akatia lake. "Mimi niliona magunia yakishushwa pale dukani jioni. Nikajiuliza, kwa nini jioni?"

Kumbe magunia yalikuwa ya mbolea, na jioni ndiyo saa lori lilipofika. Lakini neno likishatoka barazani kwa Rozina, halina wa kulikimbiza.

Beda alisikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alitoka. Alitazama ule udongo mezani. Katikati ya vipande vilivyooza kulikuwa na kimoja kigumu bado. Nje kilikuwa chekundu kwa dawa ya mbegu. Upande mmoja kilikuwa cheupe, kimenyooka, kama kimekatwa kwa wembe.

Alikichukua. Alikitazama muda mrefu.

"Unaona nini, fundi?" Kalista aliuliza.

"Sioni kitu," Beda alisema.

Alirudi ndani. Chai yake ilibaki mezani ikapoa.

Jumapili Rozina alikwenda kanisani na Brightness. Beda alisema kichwa kinamuuma. Rozina alisahau kitabu chake cha nyimbo, akarudi. Alimkuta mumewe uani. Alikuwa anasukuma mashine ya kupandia ya mteja mmoja juu ya ardhi tupu iliyofagiwa. Nyuma ya mashine mbegu zilikuwa zimeanguka kwa mstari. Rozina aliinama. Punje moja nzima. Nusu. Nusu. Kipande. Nusu.

Beda hakugeuka.

"Ni sahani," alisema.

Rozina aliketi kwenye tairi kuukuu. "Sahani yako?"

"Yangu. Sijui imekosea wapi. Nimepima tena na tena. Iko sawa na ya Kalista."

"Ile ya Kalista ilikuwa inakata mbegu, baba Brightness. Alikuambia kwa mdomo wake. Mimi nilisikia."

Beda akainama, akaokota nusu ya punje.

"Andwele anatukanwa," Rozina aliendelea. "Anatukanwa kwenye baraza langu, kwa chai yangu. Na mimi nimemtukana."

"Nikisema, nani ataniletea hata plau ya kunyoosha?"

"Yonas alibeba nyingi. Mwimbi wameshapanda?"

"Mvua imechelewa kule."

"Basi mpigie."

Beda alitoa simu mfukoni. Akaitazama. Akairudisha.

"Kesho," alisema.

Jioni ile wingu zito lilisimama upande wa Kalambo. Rozina alisimama mlangoni akilitazama. Hakuwa na hamu ya kuongea na mtu, na hilo kwa Rozina ni ugonjwa. Kesho yake wingu lilikuwa limekwisha kumwagika, na Mwimbi watu walikuwa wanafunga ng'ombe kwenye mashine za kupandia.

Asubuhi hiyohiyo Andwele alikuja.  Mama mmoja alihamisha kikombe chake, eti asikae karibu naye. Andwele hakununua chai. Alipita moja kwa moja hadi kwenye pazia, akabisha kwenye nguzo.

"Fundi Beda, upo? Ni Andwele."

"Nipo."

"Naomba unichomelee nondo mlango wa duka. Wamerusha mawe. Nataka nifunge kabisa, watoto wasipate shida."

 Andwele akaendelea kuongea na lile gunia.

"Nimekuja kwako kwa sababu mtaa huu wote, wewe peke yako hujanisema vibaya. Nimesikia. Watu wananiambia, Beda hajatia neno. Nakushukuru ndugu yangu."

Rozina aliweka birika chini. 

Nyuma ya pazia sauti ya Beda ilitoka ndogo. "Andwele. Mbegu zako ni nzima."

"Najua ni nzima. Ila wewe umejuaje?"

Pazia likafunguliwa. Wengi pale barazani waliiona printa kwa mara ya kwanza, nao wala hawakuitazama. Walimtazama Beda. Alikuwa ameshika sahani mkono mmoja, na nusu za punje nyekundu mkono mwingine.

"Ni mimi," alisema. "Sahani zangu zinakata."

Andwele alichukua sahani. Aliigeuza. Alipitisha kidole kwenye matundu. Watu walisubiri atukane, au apige.

"Umejua lini?"

"Siku Kalista alipokuja na udongo."

"Siku hiyo," Andwele alisema. Alimrudishia sahani. "Basi waambie watu wewe. Nikisema mimi, watasema najitetea. Na nondo acha, nitatafuta fundi mwingine."

Aliondoka. Hakuna aliyeinua macho.

Beda alimpigia Yonas palepale, mbele ya wote.

"Yonas, wazuie. Sahani zinakata mbegu. Wazuie wote."

Upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti za ng'ombe. "Nilipanda kwangu jana wingu lilipotanda," Yonas alisema polepole. "Niliona zimekatika. Nikadhani nimefunga mashine vibaya. Niliona aibu kukupigia. Leo wengine wako shambani tangu alfajiri."

"Kimbia, Yonas."

Yonas alichukua pikipiki. Wengine aliwakuta wamemaliza. Wengine aliwakuta katikati ya shamba, akasimama mbele ya ng'ombe na kunyoosha mikono. Wengine bado walikuwa wanakunywa uji. Hao ndio waliopona.

Kisha Beda alifungua lile kundi la WhatsApp. Alituma picha ya punje zilizokatika, na chini yake akaandika: "Ni kazi yangu. Sijui kosa liko wapi. Naomba mnisaidie."

Mwalimu Atupele alifika kwa basi la Mbeya wiki hiyohiyo. Mafundi wa jirani walikuja pia, na Yonas kutoka Mwimbi, macho mekundu. Karakana ilikuwa ndogo, watu wakajaa mpaka barazani. Rozina aligawa chai bila kuuliza nani anakunywa.

Atupele hakupaza sauti. Aliweka ile sahani ya zamani ya Kalista juu ya meza.

"Beda, ulipima vizuri," alisema. "Hilo ndilo linalouma. Ungepima ovyo, pengine ungebahatika."

"Sijaelewa, mwalimu."

"Sahani hii imefanya kazi miaka mingi. Inasuguana na bati, inasuguana na mbegu. Inalika. Ikilika inakuwa nyembamba. Sasa weka punje kwenye tundu."

Beda aliweka. Kichwa cha punje kilitokeza juu ya sahani.

"Umeona? Tundu halina kina tena. Punje inachungulia. Kibati kikipita, kinafanya nini?"

"Kinakata kichwa," Yonas alisema.

"Kinakata. Si ufa. Ufa haukuwa na neno. Ugonjwa ulikuwa kwenye unene, na wewe ukaunakili ugonjwa wenyewe, tena ukautoa kwenye sahani nyingi. Ya Kalista ilikuwa inakata kidogo. Plastiki ya kwako ni laini, ikikaa juani inapinda, punje zinainuka zaidi. Ndiyo maana ikakata sana."

Beda alikaa chini. "Kwa hiyo ukipima kitu kilichochakaa, unatengeneza uchakavu."

"Ndiyo. Pima kipya. Kipya kikikosekana, tafuta vichakavu kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, uvilinganishe, ujue kipi kimelika wapi. Halafu chapa kimoja tu. Kifunge kwenye mashine, ipitishe juu ya kitambaa, ukague kila punje. Kiache juani kutwa. Kikipinda, badilisha aina ya uzi. Baada ya hapo ndipo mkulima apewe, naye apande kipande kidogo kwanza. Na si kila kipuri kinafaa kwa printa. Kinachobeba mzigo mzito au moto mkali, au kinachoweza kuumiza mtu kikivunjika, kiacheni chuma kifanye kazi yake."

"Mambo haya ulitufundisha Mbeya," fundi mmoja alisema.

"Niliwafundisha. Ila nilikosea kitu kimoja. Kwenye kundi niliwasifu sana waliotuma picha nzuri. Nani angetuma mbaya?" Alitazama watu wote. "Nani mwingine ana kitu kilichoharibika, hajakionyesha?"

 Fundi mmoja wa mtaa wa Katandala akatoa mfukoni gia iliyomeguka meno. Yonas akatoa kitasa kilichopinda kama sikio la mbuzi. Vikawekwa mezani pamoja na sahani ya Beda. Havikupendeza. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mafundi wale kuonyeshana kitu cha kweli.

"Sahani mpya ya aina hii tutaipata wapi?" Beda aliuliza. "Rukwa nzima haipo."

Jibu lilitoka kwenye simu, kutoka Mbala. Obedi alikuwa amepigiwa tangu mwanzo, amesikia yote. "Subirini. Kuna mzee huku ana mashine hiyo kwenye ghala, haijawahi kuingia shambani. Alinunua, ng'ombe wake wakafa. Nitamwomba nipime."

Kesho yake picha zikaja, na vipimo. Sahani mpya ilikuwa nene kuliko ya Beda. Tofauti yenyewe ni unene wa kadi ya simu tu. Kwa unene huo watu walikuwa wamekosa mahindi ya mwaka.

Kazi ikagawanywa. Mbala walipima. Mbeya walirekebisha mchoro, wakatafuta uzi mgumu usioogopa jua. Beda alichapa. Yonas alijaribu kwenye udongo wa Mwimbi, na kila kilichoshindikana alikituma kwenye kundi bila kukipamba. Sahani kadhaa zilishindikana. Lakini hakuna mkulima aliyezigusa.

Siku hizo Beda alikwenda Mollo kwa miguu. Kalista alimkuta amesimama pembeni ya shamba, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

Kalista hakuitikia. Alikuwa anang'oa magugu kati ya miche michache.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia. Rozina alishakuja, akalia hapa mpaka nikampa maji." Kalista alinyoosha mgongo. "Ungesema siku ile, Beda. Nilikuwa na mbegu kidogo nyumbani. Ningepanda tena, mvua ilikuwa bado changa. Wewe ukaniambia huoni kitu."

Beda akainama, naye akang'oa gugu moja.

"Sasa nitapanda maharage mvua zikikaribia kuisha. Mahindi mwaka huu nitakula ya kuomba kwa dada yangu. Na mimi sijazoea kuomba."

"Nitakuja kulima hayo maharage."

"Njoo," Kalista alisema. "Jembe utaleta lako."

Beda alikuja na jembe, akalima mpaka maharage yalipoingia ardhini. Kalista alimpa uji kama kibarua yeyote. Hakuongea naye.

Kwa Andwele alikwenda pia. Alichelewa. Duka lilikuwa tupu. Andwele alikuwa amerudi Mbeya na familia yake. Barazani watu walisema wangemwomba abaki, kama angewasubiri. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Beda alimpigia simu.

"Nimeshasikia umewaambia," Andwele alisema. "Ni vizuri." Simu ikakatika. Siku hizi pale dukani wanauza mkaa.

Msimu mwingine ukafika. Upepo wa mwezi wa kumi ulipeperusha vumbi la Majengo kama kawaida. Kwenye karakana ya Beda kulikuwa na watu wengi. Mafundi wa mtaa wa pili walikuwa wanachora kwenye kompyuta. Binti mmoja kutoka Mpui, fundi wa mashine za kushonea, alikuwa anachapa gia. Barazani chai iliendelea, na habari pia. Ila mtu akianza kusema, "Yule ni mwizi, yule ni feki," Rozina alikuwa anasimamisha birika hewani. "Umeona kwa macho?" Mtu asipojibu, chai haimiminwi.

Mchana mmoja Kalista alitokea na kijana wa jirani yake mwenye mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mashine yake ya kupandia. 

"Nasikia mmetengeneza nyingine," alisema, bila kumtazama Beda.

"Tumetengeneza, mama. Si mimi peke yangu."

"Ifunge. Mbegu nimekuja nazo. Nataka kuona kwa macho yangu."

Beda alifunga sahani.  Kisha akaangaza huku na huku. "Rozina, kitambaa cha majaribio kiko wapi?"

"Kimefuliwa. Hakijakauka."

Rozina alitazama mlango wa karakana. Pazia la magunia lilikuwa limefungwa pembeni kwa kamba tangu ile siku ya Andwele, limejaa vumbi. Alipanda kwenye kigoda. Alifungua kamba, akalishusha, akalikung'uta. Vumbi likajaa barazani, watu wakakohoa. Kisha akalitandika chini, kutoka mlangoni mpaka barabarani.

Kalista alimimina mbegu kwenye kisanduku. Hakutaka mtu amsaidie. Aliisukuma mashine mwenyewe juu ya magunia. Sahani ikazunguka. Tak, tak, tak.

Alipofika mwisho, alipiga magoti. Aliokota punje ya kwanza, akaigeuza kwenye mwanga. Nzima. Ya pili nzima. Alirudi hivyo magotini hadi mwanzo, punje moja moja, na hakuna mtu barazani aliyetia neno, hata wale wasioweza kukaa kimya kanisani. Punje zote zilikuwa nzima.

Kalista alizirudisha kwenye kitenge, akakifunga. Alisimama akishika goti.

"Marahaba," alisema.

Beda hakumwelewa mara moja. Kisha alikumbuka alivyomwamkia shambani, akiwa na kofia mkononi.

Kalista alikuwa ameshageukia mkokoteni. "Na hayo magunia," alisema bila kuangalia nyuma, "yaache hapo hapo chini. Kuna wengine wanakuja kutoka Mollo."